Kabla ya Kumlaumu Jirani, Chimba Penye Shina

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii mbele ya vikundi vya kujisaidia. Tunayachapisha kwa kuwa wanachama wengi waliomba wayapate kwa maandishi.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya miti. Sikuja kuwaambia mpande miti. Hilo mnalijua kuniliko. Tangu mwaka wa 1977, wakati marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, akina mama wa vijijini hapa Kenya wamepanda miti kwa mamilioni. Kupanda tunajua. Jambo ambalo hatulijui vizuri ni kuutunza mti mkubwa unapougua. Na hasa ule mti wa maua, mti wa urembo, ambao hauzai tunda na mbao zake hakuna anayeziulizia. Huo ukianza kukauka tunasema, "Kata, tupate kuni."

Lakini hebu tufikiri. Mkutano wenu wa kila mwezi mnafanyia wapi? Chini ya mti. Watoto wakipimwa uzito, wanapimiwa wapi? Chini ya mti. Chifu akiita baraza saa sita na jua ni kali, watu wanakimbilia wapi? Basi mti huo una kazi, hata kama hauna bei.

Nitawasimulia habari ya mti mmoja. Kikundi chenyewe sitakitaja, kwa sababu habari hii ina aibu ndani yake, na sehemu kubwa ya aibu ni yangu.

MJAKARANDA WA KIKUNDI

Kikundi hiki ni cha akina mama, kule upande wa Ukambani. Wana kiwanja chao chenye chumba cha shule ya chekechea na tangi la maji. Katikati ya kiwanja pana mjakaranda mkubwa, ambao wazee wanasema ulipandwa kabla ya wengi wao kuolewa pale. Mjakaranda, kama mnavyojua, si mti wetu wa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, pande za Argentina na Bolivia. Lakini umezoea kwetu mpaka tunauona ni wetu, na unapochanua rangi ya zambarau kabla ya mvua fupi, hata mtu mwenye shida husimama akatazama.

Mwaka mmoja mti ule haukuchanua vizuri. Mwaka uliofuata majani yalikuja machache na madogo, na matawi ya juu kabisa yakabaki makavu kama vidole. Halafu siku moja tawi likaanguka karibu na mlango wa chekechea. Kwa bahati watoto walikuwa wamekwenda nyumbani.

Hapo maneno yakaanza. Karibu na kiwanja anaishi mama mmoja mjane, naye ni mwanachama. Shamba lake la maharagwe linapakana na ule mti, na ni kweli alikuwa amewahi kulalamika kwamba kivuli kinamharibia maharagwe. Mtu akasema alimwona jioni akiwa na kopo karibu na mti. Mwingine akasema ni dawa ya kuua magugu. Wa tatu akaongeza mambo ambayo sitayarudia hapa. Zamu yake ya kupokea pesa za mzunguko ilipofika, akarukwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Akaacha kuja mkutanoni.

Ndipo nikaitwa. Barua ya kikundi iliuliza maswali mawili: Je, tukate mti? Na je, tumtoe huyu mama kikundini?

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA KWAMBA NI UGONJWA

Siku nilipofika nilianza na swali la kwanza, kwa sababu la pili sikuwa na jibu lake. Nikawaomba tuutazame mti pamoja, sisi sote, kabla ya mtu yeyote kusema neno juu ya mtu.

Kitu cha kwanza ni kujua kama mti ni mgonjwa kweli au umepumzika tu. Mjakaranda hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Usiulilie mti unaopukutisha kwa majira yake.

Chukua kijiti chembamba, ukwangue ganda kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, hapo mti ungali hai. Pakiwa pakavu na rangi ya kahawia, hapo pamekufa. Anza kwenye ncha ya tawi, rudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shina. Mtajua uhai umeishia wapi.

Sisi tulipomtuma kijana juu na kisu, tulikuta ncha za juu zimekufa, lakini matawi ya chini yalikuwa kijani. Mwenyekiti akasema, "Kumbe bado anapumua." Nikaona nyuso zimebadilika kidogo.

HATUA YA PILI: ULIZA "KWA NINI" ZAIDI YA MARA MOJA

Kwa nini ncha za juu zimekufa kwanza? Kwa sababu maji hayafiki. Kwa nini hayafiki? Kwa sababu mizizi imeshindwa kuyapandisha. Na mizizi imeshindwa kwa nini? Hapo tukanyamaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuitazama mizizi.

Watu wengi wanadhani mizizi ya mti inashuka moja kwa moja chini kama muhogo. Sivyo. Mizizi inayokula na kunywa, mingi yake iko juu juu, katika kina kama cha urefu wa jembe hivi, na imeenea mbali kuliko kivuli chenyewe. Na mizizi inapumua. Inataka hewa, kama wewe na mimi. Ukiifukia, ukiikanyaga mpaka udongo ukawa kama sakafu, unaifunga pua.

Basi nikawaonyesha jambo moja ambalo naomba kila mtu aende nalo leo. Mti wenye afya, mahali unapoingia ardhini, hutanuka kama mguu wa ndovu. Unaona mizizi mikubwa inaanza kugawanyika. Lakini ukiona shina limeingia ardhini limenyooka kama nguzo ya stima, jua mti umefukiwa.

Mjakaranda wa kikundi ulikuwa kama nguzo.

TULICHOKIKUTA

Kuuzunguka ule mti palikuwa na kiti cha duara cha mawe na saruji, ambacho watu walikalia wakati wa mikutano. Ndani ya duara palijazwa murram na udongo mpaka juu, ili pawe safi. Tukatoa jembe, lakini kwa kuchimba karibu na shina tukatumia mikono na kijiti, ili tusichune ganda.

Tulichimba mpaka kiwiko changu kikaingia chote ndipo tukaona mizizi ya kwanza inatanuka. Ganda la shina lililokuwa limefunikwa lilikuwa jeusi, laini, lenye maji maji. Ganda la shina halikuumbwa kukaa udongoni. Likikaa udongoni huoza polepole, miaka mitatu, minne, mitano, na mti haulii mpaka siku umechoka.

Tukakuta pia waya wa kuanikia nguo umefungwa kwenye shina, umezama mpaka ganda limeumeza. Chakula cha mti hutengenezwa kwenye majani, kikashuka kwa mizizi kupitia ganda la ndani. Waya ukikaza, ni kama kumfunga mtu kamba shingoni halafu umpe ugali.

Na upande wa barabara, ambapo vijana wa bodaboda huegesha wakingoja wateja, udongo ulikuwa mgumu hata mtaimbo uliruka.

Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiki kiti, ni nani alisema kijengwe?"

Wote wakanyamaza. Nikajibu mimi. Nilikuwa nimekuja miaka mitano nyuma, nikawaambia kwamba kikundi kinachokaa chini kwenye vumbi hakionekani kuwa na maendeleo. Nikawapa wazo la kiti. Nilikuwepo siku murram ilipomwagwa, na nikapiga makofi pamoja nao. Nilisomea maendeleo ya jamii, nina diploma yangu, lakini hakuna siku nilimwuliza mtu yeyote mti unapumuaje.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Tulikuwa tumetafuta adui nje ya ua, kumbe tumemkalia.

Na lile kopo? Mjane aliitwa, akaja akasimama mbali. Alipoulizwa, alishangaa. Kuku wake mmoja alikuwa na tabia ya kulala juu ya ule mti, naye kila jioni alikwenda na kopo la mahindi kumwita. Ni hilo tu.

DAWA TULIYOITUMIA

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hii mnaweza kuifanya bila kununua chochote.

Moja, tulibomoa kiti na kuondoa udongo wote uliofukia shina, mpaka mguu wa ndovu ukaonekana. Tulifanya hivyo siku za mawingu, mvua ikikaribia, ili mizizi isichomwe na jua. Vijizizi vyembamba vilivyokuwa vimelizunguka shina tulivikata. Mizizi mikubwa hatukuigusa.

Mbili, waya. Pale ulipoonekana tuliukata vipande vipande. Pale ulipomezwa na ganda tuliuacha. Ukiung'oa kwa nguvu unachuna mti kidonda kikubwa kuliko cha kwanza.

Tatu, udongo mgumu. Tulichukua mtaimbo, tukatoboa mashimo ya kina cha futi moja hivi, kila baada ya hatua moja, chini ya kivuli chote lakini si karibu na shina. Kila shimo likajazwa mboji. Vijana wa bodaboda tuliwaomba wahamie ng'ambo ya barabara. Walikubali baada ya kuonyeshwa.

Nne, maji. Mti mkubwa haunyweshwi shinani. Unanyweshwa pale kivuli kinapoishia, kwa sababu hapo ndipo mizizi ya kunywa iko. Na unapewa maji mengi polepole, halafu unaachwa. Sisi wakati wa kiangazi tulimwaga kama madebe kumi kila wiki mbili, tukitumia hata maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na chumvi wala mafuta. Kabla ya kumwagilia tena, chimba kidogo, shika udongo, ufinye. Ukishikamana kama donge la ugali, ngoja. Maji ya kupita kiasi nayo huozesha mizizi.

Tano, matandazo. Tandaza majani na nyasi zilizokwisha kuoza, unene wa kiganja kilicholala ubavu, chini ya kivuli chote. Lakini acha nafasi ya shibiri moja kati ya matandazo na shina. Sisi wa sehemu kavu tunajua mchwa hupenda nyasi kavu, kwa hiyo tumia zilizooza. Na mkiona njia za udongo za mchwa kwenye mti mkubwa, msikimbilie kununua sumu. Mara nyingi wanakula ganda lililokwisha kufa. Wamekuja matangani, si wao walioua. Kwenye miche midogo ni habari nyingine, huko wanaua kweli, hasa mche ukiwa na kiu.

Sita, mbolea. Hapa wengi hukosea. Mti mgonjwa usipewe mbolea ya dukani wala samadi mbichi. Mgonjwa hupewa uji, hapewi pilau. Mimi mwenyewe niliwahi kuua mti wa maua nyumbani kwangu kwa mbolea ya kuku iliyokuwa bado moto, niliyoirundika shinani kwa huruma. Mboji iliyooza vizuri inatosha.

Saba, kupogoa. Matawi yaliyokufa yaondolewe, kwanza kwa usalama wa watoto. Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza unakata kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Pili unakata kutoka juu, mbele kidogo ya pale, ili tawi lianguke bila kuchuna ganda. Tatu unakata kile kisiki kilichobaki, karibu na ule uvimbe mahali tawi linapokutana na shina. Usiukate uvimbe wenyewe, na usiache kisiki kirefu. Huo uvimbe ndio unaofunga kidonda. Matawi mabichi usiyaondoe ovyo, maana majani ndiyo jiko la mti, na mgonjwa anahitaji jiko lake.

Mtu ataniuliza, je, tupake rangi au oili chafu kwenye kidonda? Hapana. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kuchunguza vidonda vyake, akaonyesha kwamba kupaka hakuzuii kuoza. Mti hujijengea ukuta wake wa ndani. Uache ujenge.

MAGONJWA MENGINE

Si kila mti umefukiwa. Ndiyo maana nasema tazama kwanza.

Wenye ua wa misaiprasi wanakumbuka vidukari vilivyoingia. Vilionekana Malawi mwaka wa 1986, na kufika 1990 vilikuwa Kenya, vikakausha nyua na misitu. Ukiona saipras imegeuka kahawia kwa viraka, na majani yana unataunata na ukungu mweusi kama masizi, angalia vijiti vya ndani. Utavikuta vimejipanga kwenye ganda.

Katika sehemu za juu zenye baridi, hasa penye majani chai, kuna kuvu wa mizizi. Ukibandua ganda karibu na ardhi unakuta utando mweupe kama karatasi unaonuka uyoga. Huu hauna dawa. Hutoka kwenye visiki vya zamani na kupita kutoka mzizi hadi mzizi. Ng'oa mti huo pamoja na mizizi yake, na usipande mwingine hapo upesi.

Na vijana wenye vitalu, nanyi nina neno kwenu. Miti mingi inayokufa ikiwa na miaka mitano iliuawa siku ya kupandwa. Mche ulipandwa na karatasi yake ya plastiki, mizizi ikazunguka humo kama nyoka kwenye chungu, ikajinyonga. Toeni karatasi, nyosheni mizizi, na pandeni kwa kina kile kile mche ulichokuwa nacho kitaluni.

WAKATI WA KUUKATA

Sitaki mniambie kwamba nilisema mti usikatwe kamwe. Kama zaidi ya nusu ya matawi imekufa, kama shina ni tupu likigongwa linalia kama ngoma, kama mti umeinama na udongo upande wa pili umeinuka, na chini yake wanacheza watoto, ukateni. Mtoto ni zaidi ya kivuli. Lakini ulizeni kwanza kwa chifu na afisa wa misitu, na mtafute mtu mwenye ujuzi wa kuangusha. Halafu pandeni mwingine kabla hamjasahau.

Ule mjakaranda wetu haukupona siku moja. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu, na wengine wakasema nimewapotezea maji. Mwaka wa pili majani yalikuja makubwa zaidi. Mwaka wa tatu ulichanua, si wote, upande mmoja tu. Tawi moja kubwa tulilikata, na pengo lake linaonekana hadi leo. Mti ulioumia miaka mitano hauponi kwa wiki mbili.

NA YULE MAMA

Hilo swali la pili la barua bado halijajibiwa, sivyo?

Siku ile ile tulipochimba, kabla hatujafunika shimo, mweka hazina alifungua daftari mbele ya watu wote akasoma zamu iliyorukwa. Mama akapewa pesa zake mkutano uliofuata. Mimi niliomba msamaha kwa ajili ya kiti, nao wakaomba msamaha kwa ajili ya maneno. Alikubali, lakini ilimchukua miezi kadhaa kukaa tena katikati ya wenzake. Alikuwa anakaa pembeni, karibu na njia. Sikumlaumu. Hata mti, udongo ukiondolewa, hauanzi kupumua siku hiyo hiyo.

Siku hizi kikundi kinakaa kwenye mabenchi ya mbao yanayohamishika. Kuku wa yule mama bado hulala juu ya mti.

Ndugu zangu, mkirudi nyumbani, kila kikundi kiende kwenye mti wake, kiutazame mguu wake. Hiyo haina gharama. 

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Mti tunaokutania chini yake ulipandwa na nani, na ni nani anayeutunza sasa?

2. Je, shina lake linatanuka kama mguu wa ndovu, au limenyooka kama nguzo? Tumeweka nini juu ya mizizi yake?

3. Je, kuna mradi tuliouanzisha kwa nia njema ambao sasa unaleta madhara? Nani ana ujasiri wa kuutaja?

4. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja mikutano? Tumemwuliza sababu, au tunasikia tu maneno ya watu?